Laptopu ya zamani, skrini ya leo: ununue nini ukiwa Lamu

Laptopu nyingi za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 zilizobaki kwenye makabati hazijafa. Kilichokufa ni kioo. Joto na unyevu wa pwani haviihurumii skrini ya aina ile. Taa ya nyuma hufifia mpaka weupe ukawa wa waridi, na kwa zile kongwe zaidi utando ulio juu ya kioo huoza: ukiinua kifuniko unapigwa na harufu ya siki, na picha yenyewe imejaa mabaka. Lakini diski inazunguka, na hesabu za duka za enzi hizo zingali mle ndani. Basi mtu anaamua kuiunga na skrini ya nje. Anaingia dukani Langoni, "Kaka, nipe waya wa laptopu na tivii," na anatoka na waya wa HDMI ambao hauna pa kuingia.

Kabla hujatoa hata shilingi, tazama nyuma na ubavuni mwa laptopu. Tundu pana lenye vishimo 15 katika safu tatu, mara nyingi la buluu, ndilo VGA. IBM waliileta mwaka 1987, na ni Desemba 2010 ndipo Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG walipotangaza kwamba wataiacha pole pole. Kwa hiyo laptopu nyingi za Windows za miaka hiyo zinalo. VGA hutoa picha ya analojia, yaani umeme unaopanda na kushuka. HDMI, iliyotoka mwishoni mwa 2002, hupeleka tarakimu. Waya peke yake haugeuzi kimoja kuwa kingine.

Nafasi ya kwanza naipa monita ya mtumba yenye VGA, na hapo sibishani na mtu. Tafuta ile ya inchi 17 au 19 iliyo karibu na mraba, ya vipimo vya 1280 kwa 1024. Hakuna kifaa cha katikati cha kuharibika, hakuna draiva (programu ya kuendeshea kifaa), na picha ya 1024 kwa 768 inakaa bila watu kunenepa kama inavyotokea kwenye tivii pana. Faida nyingine huijui mpaka uikose: skrini nyeusi ya maandishi ya DOS, mfumo wa kabla ya Windows, hutoka kwa 720 kwa 400, mara 70 kwa sekunde. Konvata (vifaa vya kugeuza picha) nyingi za bei nafuu na tivii kadhaa hazielewi mpigo huo, kwa hiyo huoni chochote mpaka Windows iwake. Monita za zamani ziliupokea tangu zamani.

Tatizo ni safari. Mombasa monita hizi zipo tele kwenye maduka ya vitu vya ex-UK, lakini ikishafika Mokowe, upande wa bara, kuna boti, na baada ya boti kuna punda, na punda hatofautishi monita na gunia la makaa. Ifunge kwenye nailoni kwanza, godoro baadaye. Na kwa sababu kurudisha kitu ni nauli upya, ikague palepale dukani: iwashe nusu saa ukiwa umeweka ukurasa mweupe. Ikianza nyeupe ikaishia njano pembezoni, taa zake zinakaribia mwisho. Chungulia tundu la VGA pia. Pini zilizoota ukijani zinaweza kusafishwa kwa spiriti, ila iwe sababu ya kushusha bei.

Kabla ya hayo yote, zungusha tivii uliyonayo nyumbani. Tivii bapa za miaka ya nyuma nyingi zina tundu lililoandikwa PC IN, RGB au VGA. Ukilikuta, umebakiza kununua waya tu. Chagua mnene, ule mwembamba ukiwa mrefu huacha vivuli pembeni mwa herufi.

Ya pili ni konvata ya VGA kwenda HDMI, kwa mtu ambaye tivii yake ina HDMI pekee. Inaingia mfukoni, na kwa Windows XP inafanya kazi vizuri. Hapa soma maandishi kwenye mwili wa kifaa, usisome boksi wala usimsikilize muuzaji. VGA kwenda HDMI na HDMI kwenda VGA ni vitu viwili, hufanana kwa umbo, na hakuna kinachorudi nyuma. Unayoitaka ina pini za VGA zinazochomoza na tundu la HDMI.

Kisha hakikisha ina mkia wa USB wa kuvuta umeme. Zile zisizo na mkia hutegemea umeme wa pini ya 9, na laptopu za mwanzo hazikupeleka umeme wowote hapo. Nyingine zilikiziba kabisa kishimo cha 9, na plagi yenye pini zote 15 haiingii. Usilazimishe. Mkia huo si lazima uingie kwenye laptopu. Chaja ya simu inatosha. VGA haibebi sauti, kwa hiyo chukua yenye tundu la sauti pamoja na kiwaya cha kutoka kwenye tundu la hedifoni. Mwisho, ingia kwenye menyu ya tivii uweke umbo la 4:3.

Ya tatu naitaja kwa kupita: kisanduku cha kugeuza S-Video au RCA ya njano kwenda HDMI. Laptopu nyingi za karibu na mwaka 2000 zina katundu ka duara ka S-Video. Picha za harusi zitaangalika; barua na hesabu zitakutoa machozi, maana hiyo ni picha ya televisheni ya zamani na herufi ndogo humo huyeyuka.

Adapta za USB za kuongeza skrini nazipa nafasi ya nne, na ni kwa kuzionea huruma. Zinazouzwa sasa nyingi zinataka Windows 10 na kuendelea. Hata ukiipata draiva ya zamani, hazionyeshi kitu mpaka Windows iwake, na kama laptopu ina USB 1.1, ya megabiti 12 kwa sekunde, kishale cha mausi kitakuwa kinatembea kama kimevaa kanga mbili. Mwenye kioo kilichokufa hazimfai kabisa.

Cha kuacha dukani ni waya mtupu wenye VGA upande mmoja na HDMI upande wa pili, bila chipu ndani. Ni rahisi kuliko vyote, unapendeza, na hautoi picha. Muuzaji akikwambia, "Itafanya kazi tu, ami," mwambie aujaribu mbele yako.

Kuna walio na mashine za kabla ya VGA, mfano Toshiba T1100 ya 1985. Hizo zina tundu la pini 9, na mpigo wake ni kama kilohezi 15.7 badala ya 31.5 za VGA, kwa hiyo monita ya kawaida haiwezi. Agiza bodi ya kubadilisha inayoitwa GBS-8200, au RGBtoHDMI ukitaka picha safi zaidi. Madukani kwetu usizitafute.

Ukishaunga na usione kitu, usirudi dukani bado. Laptopu husubiri iamriwe kwa vitufe viwili pamoja: ThinkPad ni Fn na F7, Toshiba Fn na F5, Latitude za Dell Fn na F8, HP nyingi Fn na F4. Bonyeza, subiri kidogo, bonyeza tena. Ikigoma, izime, acha monita iwe imewaka na waya umekazwa kwa skrubu zote mbili, ndipo uiwashe.