Kuboresha amplifaya: weka pesa kwenye adapta, achana na vipuri vya dhahabu

Mwezi wa pili nilikwenda Kariakoo kununua amplifaya ndogo ya sebuleni. Muuzaji alikuwa nazo mbili, zinafanana kama shilingi kwa ya pili: ya kawaida 260,000, na aliyoiita "toleo maalumu" 340,000. Nikauliza tofauti. Akafungua kifuniko, akanionyesha kapasita (vile vipuri vya kutunza chaji ya umeme) za rangi ya dhahabu na ai-sii mbili, yaani chipu, zilizobadilishwa. "Dada yangu, hii unasikia mpaka pumzi ya mwimbaji." Basi nikatoa 80,000 ya pumzi.

Ikafika sherehe ya kipaimara cha mtoto wa dada, Tabata. Pumzi zilisikika, sikatai. Ila kila besi ya singeli ilipogonga, mashine inakufa, taa inawaka upya, muziki unarudi. Watoto wakageuza kuwa mchezo, wanahesabu imezima mara ngapi. Kesho yake fundi akaniambia amplifaya haina kosa lolote. Kilichokuwa kinasalimu amri ni adapta.

Kwa hiyo humu napanga kwa nafasi vitu vya kuboresha, chenye faida zaidi kwanza; sitaongelea bluetooth, rimoti wala rangi. Hayo yameandikwa kwenye boksi.

Nafasi ya kwanza, na kwa mbali: umeme unaoingia. Geuza adapta usome mstari wa "Output". Yangu iliandikwa 32V, 5A. Zidisha: wati 160. Toa kidogo kinachopotea kwa joto, gawa kwa spika mbili, unabaki na wati kama 70 kila upande. Boksi lenyewe lilijinadi wati 300 kila upande! Hizo 300 zinatoka wapi, bwawa la umeme la Mtera? Amplifaya haiwezi kutoa kwa muda mrefu umeme ambao haikupewa, hata uijaze vipuri vya almasi.

Tena hata hizo 5A zilikuwa za karatasi tu. Shoga yangu ana adapta yenye maandishi yale yale, 32V 5A. Nikaziweka zote kwenye mizani ya jikoni: yake gramu 410, yangu 180. Uzito peke yake si kipimo kamili, lakini tofauti ya namna hiyo inakuambia kuna kitu hakikuwekwa ndani. Tangu siku hiyo natembea na mizani kwenye pochi, na wauzaji wananiangalia kama mwehu.

Ninachopendekeza, na sifichi upendeleo wangu: nunua amplifaya ya AIYIMA A07 ya kawaida, isiyoguswa, halafu badala ya adapta tafuta pawasaplai (kifaa cha kuilisha umeme) ya kampuni ya MEAN WELL. Mimi nimechukua LRS-350-36, inatoa volti 36 na ampea 9.7. Utaniuliza, na mpinzani wake Fosi V3 je? Ndani ni ai-sii ile ile ya TPA3255, nzuri pia, ila moyo wangu uko kwa A07. Angalizo: hiyo MEAN WELL ina swichi ndogo ubavuni ya 115 na 230. Hakikisha iko 230 kabla hujaichomeka, la sivyo utasikia mlipuko na si wa besi. Nyaya zake za umeme wa ukutani zinafungwa kwa skrubu zilizo wazi, kwa hiyo mpe fundi aifungie kwenye boksi lenye hewa na aunge waya wa ethi.

Nafasi ya pili: kapasita, lakini kwa mashine za zamani tu. Kama una Yamaha au Sansui ya mtumba, na inavuma "mmmm" hata ukishusha sauti hadi sifuri, yawezekana kapasita kubwa za pawasaplai zimekauka. Joto ndiyo adui yake: kila nyuzi 10 zikipungua, umri wa kapasita huwa kama mara mbili, na Dar tunaijua. Weka za kampuni ya Nichicon au Rubycon zinazohimili nyuzi 105, maikrofaradi (ujazo wa chaji) zile zile, volti zile zile au zaidi. Hapo utasikia tofauti. Kwenye mashine mpya unabadilisha kizima kwa kizima.

Ya mwisho: zile ai-sii za miguu minane zinazopitisha sauti, kama mbili nilizoonyeshwa dukani. Ya kawaida ni NE5532, ipo tangu 1979, na meza za kuchanganyia sauti studio zimejaa hiyo. Wimbo unaoupenda pengine ulipita kwenye NE5532 kadhaa kabla haujafika kwako, halafu mtu anakuambia mbili za kwenye amplifaya yako ndiyo zinaharibu! Nilimpa fundi mgongo, akawa anabadilisha NE5532 na OPA2134 inayosifiwa kuwa bora, mimi nabahatisha ipi ni ipi. Mara kumi, nikapata tano.

Na feki ndiyo zimejaa. MUSES02, ai-sii ya kifahari ya Japani, ikiwa halisi moja huuzwa kwa makumi ya dola. Mitaani utaipata kwa 15,000. Kufuta maandishi ya ai-sii na kuchonga mengine kwa leza ni kazi ya dakika chache.

Zile bodi za amplifaya za bei chee zenye ai-sii ya TPA3116? Za kujifunzia zinafaa. Usizidishe volti 26.

Nilirudi dukani na adapta na mizani. Kijana hakukana. Akasema adapta iliyokuja na boksi walishaiuza peke yake, kwa sababu "adapta nzuri zina wateja sana". Yaani kilichokuwa na thamani kilitolewa, nikauziwa dhahabu ya kupakwa. Nikadai 80,000 yangu, akanipa waya wa aux.