Meno ya kuvalisha viatu: uzoefu wangu kwenye barafu ya Trento

Meno haya ni raba zenye chuma chini, unazozivalisha juu ya buti usiteleze kwenye barafu. Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa hapa Malindi tangu nirudi. Pea ya springi ilikuwa kama euro 15, ya vijino vya chuma ikazidi kidogo, na ile ya minyororo, ya wapanda milima, ilipita euro 40. Zote zauzwa huko huko Italia kwenye maduka ya vifaa vya michezo, kwa hivyo msihangaike kuzitafuta Mombasa wala kuziagiza mtandaoni. Utalipia usafiri, kisha zikifika hazilitoshi buti lako, kwa sababu buti lenyewe utalinunua ukishafika.

Nilikwenda Trento, kaskazini mwa Italia, kumlea binti yangu aliyejifungua. Januari, huku kwetu kaskazi imekolea na watu wanalala barazani. Waitaliano sisi tumeishi nao, lugha yao twaisikia mpaka sokoni, lakini baridi yao hawakutuletea hata kidogo.

Theluji yenyewe wala si adui. Ikiwa mpya hukanyagika vizuri, mguu unazama kidogo na unajiona umesimama imara. Balaa ni pale inapoyeyuka mchana ikaganda usiku. Trento imo bondeni, imezungukwa na milima, jua lachelewa kufika na lawahi kuondoka. Vichochoro visivyopata jua hubaki na barafu mpaka adhuhuri, na barafu yenyewe nyembamba, haina rangi. Waona lami imelowa tu. Tena msidhani kadiri baridi inavyozidi ndivyo utelezi unavyozidi. Barafu ikikaribia kuyeyuka huwa na utando wa maji juu yake, kwa hivyo siku ya nyuzi sifuri ilinitesa kuliko zile siku za baridi kali ya kuuma masikio.

Pea ya kwanza aliniletea mkwe wangu, zawadi, kabla sijafungua hata sanduku. Ni wavu wa raba unaovutwa juu ya buti, na zile kamba zinazopita chini ya soli zimezungushiwa springi za chuma. Kuvaa ni rahisi ukikaa kitako: waingiza ncha ya kiatu kwanza, kisha wavuta raba kwa nyuma mpaka ishike kisigino. Usivae umesimama mlangoni kwa mguu mmoja. Na raba isilale nje, kwani baridi huifanya kuwa ngumu na utavuta mpaka vidole viume. Yangu niliiweka ndani, karibu na kipasha joto.

Kwenye theluji iliyokanyagwa ikashikana, springi zilifanya kazi ya kusifiwa. Nilisukuma kigari cha mtoto, nikapanda na kushuka kilima cha nyumbani bila kushika ukuta. Barafu ngumu ndiyo iliyozishinda. Springi ni duara, haina ncha ya kuingia kwenye barafu. Yakwaruza juujuu tu. Kuna na jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia. Barabara nyingi za katikati ya mji zimetandazwa vipande vya porfido, jiwe gumu linalochimbwa kwenye milima ya karibu. Mahali palipofagiwa pasiwe na barafu, chuma juu ya jiwe lile lililolowa huteleza kuliko soli tupu. Nililijua hilo tukielekea Duomo, kanisa kuu la mji: mguu mmoja ulikwenda, wa pili ukabaki, na binti yangu nyuma anapiga kelele, "Mama, shika kigari! Shika kigari!" Kigari chenye magurudumu, nacho chataka wa kukishika! Sikuanguka, alhamdulillahi, ila wazee waliokuwa wakinywa kahawa pembeni walisimama wote.

Baadaye springi moja ikakatika, pale chini ya vidole ambapo mguu hujikunja kwa kila hatua. Ukinunua za aina hii, hapo ndipo pa kukagua mara kwa mara. Springi iliyofunguka ncha yatoboa soli ya buti na yakwaruza sakafu ya watu.

Pea ya pili niliichagua mwenyewe, na hii ndiyo ninayoisifu. Raba nene, na chini yake vijino vifupi mfano wa njumu za mpira zilizokatwa urefu, vingine chini ya vidole, vingine chini ya kisigino. Ncha za vijino ni kabidi ya tangsteni, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida na haichakai upesi hata ukikanyaga lami. Kuwa na meno kisiginoni ni jambo la lazima. Kuna pea za bei rahisi zenye meno mbele tu, na mtu anapotembea, kisigino ndicho kinachotangulia kugusa chini. Ukiteleza hapo, hayo meno ya mbele hayajafika bado. Hizi zangu nilizisikia zikiuma barafu, krrp, krrp, nikajua mguu umeshika.

Sasa dada zangu wa buibui, hapa mnisikilize vizuri, kwani wauzaji hawalijui jambo hili. Pindo la buibui likiburura chini, meno yanalidaka. Unapanda ngazi, mguu wa nyuma umelikanyaga pindo, chuma kimelishika, na wewe unajivuta mwenyewe kwenda chini. Mimi nilipandisha pindo mpaka juu ya kifundo cha mguu, nikalishona kwa mkono, na ndani nikavaa suruali nene ya sufu. Faida ya pili ni kwamba pindo halilowi yale maji ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, ambayo yakikauka huacha alama nyeupe kwenye kitambaa cheusi. Minyororo ya wapanda milima ndiyo mbaya zaidi kwa buibui. Mkwe wangu huivaa akienda mlima wa Monte Bondone, na huko ndiko mahali pake. Meno yake ni marefu, na kwenye lami kavu yanakufanya utembee umening'inia kama umevaa mchuchumio. Mjini si mahali pake.

Ndani ya majengo, vua. Sakafu ya vigae au marumaru na meno ya chuma havipatani kabisa, na duka la dawa ndipo nilipowaona watu wakiyumba wakidhani hatari wameiacha nje. Sisi tuliozoea kuvua viatu mlangoni twapata nafuu nyumbani, lakini dukani huvui buti. Kwa hivyo nilikuwa na mfuko wa plastiki kwenye mkoba: navua zile raba, natia mfukoni, naingia. Ni usumbufu, sikatai, hasa ukiwa na mtoto analia. Ndiyo kasoro kubwa ya vitu hivi, vya aina zote.

Na kiatu unachokivalisha kina haki yake. Yataka buti la soli imara, kisigino kifupi na kipana. Ukivalisha juu ya viatu laini vya kufanyia mazoezi, ule mvuto unaikunja soli na vidole vinabanwa mpaka vinakufa ganzi. Baridi nayo ikiingia hapo, utarudi nyumbani unalia. Saizi fuata namba ya buti, si ya mguu wako, na ukiwa katikati ya saizi mbili chukua ndogo, kwani iliyolegea hujizungusha na meno yakahamia ubavuni.

Hata ukiwa nazo, mwendo wa Malindi uuache uwanja wa ndege. Hatua fupi, nyayo zitazame nje kidogo, uzito uutie juu ya mguu wa mbele kabla hujaunyanyua wa nyuma. Mikono itoke mfukoni, nunua glavu. Binti yangu alikuwa akinicheka, "Mama watembea kana kwamba una mayai mfukoni," na mimi nikamwambia nina mjukuu kigarini, ndiye ghali zaidi.

Kuzitunza ni kama kutunza chuma chochote cha pwani. Suuza ile chumvi kwa maji matamu, pangusa, anika kivulini, usiweke juu ya kipasha joto chenyewe, raba itapasuka. Kijana wa jirani aliziona akaniomba ajaribu nazo kwenye ngazi za jeti ya baharini, zenye ukungu wa kijani. Nikamkatalia, kwa sababu ile ile ya porfido: saruji iliyolowa na chuma hazishikani, na hospitali sitampeleka mimi.

Pea yangu ya vijino iko kabatini, na yaingia buti la namba 38 hadi 41. Anayekwenda kumlea mwanawe majira hayo, na namba ni hizo, aje aichukue. Airudishe imekaushwa tu.