Nilinunua cherehani bila kuigusa: uzoefu wangu na Singer 15K

Wakala wa cherehani aliye karibu nami kuliko wote yuko mbali kiasi kwamba kwenda na kurudi ni siku mbili. Ukiwa umebeba cherehani, ni siku mbili za mateso. Nimeshona nikiwa katika hali hiyo kwa miaka kadhaa sasa, nimenunua cherehani mbili kwa kutumiwa mzigo, na ya pili ndiyo ninayotaka kuieleza hapa. Lakini siwezi kuieleza bila kuanza na ya kwanza, maana ndiyo iliyonifundisha cha kuuliza.

Ya kwanza ilikuwa mpya, ya umeme, ya kisasa, yenye vibonyezo na mishono mingi hata sikuwahi kuimaliza kuijaribu. Aina yake sitaitaja. Kwa miezi saba ilishona vizuri, na tundu za vifungo ilizitoa safi kuliko nilivyowahi kuzishona kwa mkono. Kisha jioni moja nikashona pindo nene kwa haraka, sindano ikapinda, ikagonga chini na kuvunjika. Nikabadilisha sindano, lakini mishono ikawa inaruka, na uzi wa juu ukawa unanasa chini. Nilipofungua nikakuta kasha la bobini (bobini ni kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini), la plastiki, limechubuliwa na ncha ya sindano. Mchubuko mdogo kama wa ukucha, lakini kila uzi ukipita hapo unashikwa.

Kasha hilo lilikuwa la cherehani hiyo tu, wala hakuna jingine linaloingiliana nalo. Muuzaji akasema waranti ipo, nitume cherehani nzima kwenye karakana yao, ila gharama ya kusafirisha ni yangu, kwenda na kurudi. Nikatuma. Ilikaa huko karibu miezi mitatu, ikarudi na kasha jipya pamoja na ufa kwenye ganda la ubavuni, na sasa sindano na ndoano ya chini, ile inayoudaka uzi, zilikuwa hazikutani tena kwa wakati. Ilikuwa imeangushwa njiani. Ningeituma tena? Sikuituma. Waranti ile ingemfaa sana mtu anayeweza kuingia dukani na cherehani yake mkononi; mimi ilinigharimu.

Baada ya hapo nikaacha kuuliza cherehani ina mishono mingapi, nikaanza kuuliza inakula nini. Maana yangu ni hii: inatumia sindano gani, bobini gani, na mguu wa kukandamiza kitambaa wa aina gani. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyochakaa, kuvunjika na kupotea kila siku. Kama vinapatikana popote, hata kwenye bahasha ndogo ya posta, cherehani itaishi. Kama ni vya kiwanda kimoja tu, umekodi cherehani, hujainunua.

Sindano za cherehani nyingi za nyumbani ni za mfumo mmoja, unaoandikwa 130/705 H, na kwenye pakiti nyingine utauona kama HAx1 au 15x1. Shina lake limebapa upande mmoja. Za viwandani, kama DBx1, zina shina la mviringo, na muuzaji asiyejali anaweza kukuletea hizo ukidhani zinafanana. Zile namba mbili za ukubwa, mfano 90/14, wala si fumbo: 90 ni unene wa sindano katika sehemu za mia za milimita, yaani milimita 0.9. Mimi hutumia 70 kwa vitambaa vyepesi, 90 kwa pamba ya kawaida na 100 kwa jinzi.

Bobini ndiyo yenye mtego mkubwa. Inayopatikana kwa urahisi zaidi ni ya daraja la 15: bapa juu na chini, upana kama milimita 20, kimo kama milimita 11 na nusu. Zipo nyingine zinazofanana nayo ukizitazama kwa macho, lakini zimepishana kidogo sana kwa kimo au zimebinuka kidogo kama sahani. Zinaingia, zinazunguka, halafu mkazo wa uzi unakataa kutulia na unamaliza siku nzima ukilaumu uzi. Pima kwa rula, usikadirie. Kuhusu mguu, wa kawaida ni ule mfupi: kutoka kwenye skrubu yake hadi kwenye bamba la chuma lililo chini ya sindano, mguu ukiwa umeshushwa, ni kama milimita 19. Ukiwa na huo, miguu ya zipu, ya kukunja pindo na ya kukusanya marinda utaipata kwa wauzaji wengi tofauti.

Nilipoyaweka yote matatu mezani, jibu likawa la zamani kuliko nilivyotarajia: Singer ya daraja la 15. Bobini ile imepata namba yake kwenye cherehani hii hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vingi vya Japani viliichukua kama kielelezo na kutengeneza za kwao kwa muundo huohuo, na nchi nyingine zikafuata, ndiyo maana spea zake zimezagaa duniani hadi leo. Yangu ni 15K. Herufi K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Kwa hiyo cherehani yangu haiwezi kuwa changa, na sikutaka iwe changa.

Aliyeniuzia ni fundi mzee aliyekuwa anapunguza cherehani zake. Tulikuwa mbali sana mmoja na mwenzake, hatujawahi kuonana, na sikutaka kununua mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo nilimwomba video, na nitazieleza kwa kirefu kwa sababu ndizo zilizoniokoa.

Ya kwanza, alizungusha gurudumu kwa mkono polepole bila uzi, simu ikiwa karibu na kichwa cha cherehani. Nilikuwa nasikiliza mkwaruzo wa chuma na kutazama kama kuna mahali gurudumu linakwama kila mzunguko. Kukwama popote popote mara nyingi ni uchafu na mafuta yaliyoganda. Kukwama mahali palepale kila mara ndiko kunakotisha. Ya pili, alishona tabaka mbili za pamba akiwa ameweka uzi mwekundu juu na mweupe chini. Ujanja huo wa rangi mbili haugharimu kitu na hauwezi kudanganya. Nyuzi zinatakiwa kufungana katikati ya kitambaa, kwa hiyo juu uone nyekundu tu na chini nyeupe tu. Vidoto vyekundu vikitokeza chini, uzi wa juu umelegea. Vyeupe vikitokeza juu, umekaza mno. Nilimwomba aupeleke mshono karibu na kamera pande zote mbili.

Ya tatu, alitoa kasha la bobini na kulining'iniza kwa uzi wake. Lilibaki hewani, na alipotikisa mkono likashuka kidogo na kusimama. Hivyo ndivyo linavyotakiwa. Kasha linaloporomoka lenyewe lina kipande cha chuma kilicholegea au kuchakaa. Ya nne, alikilaza kichwa na kunionyesha tumbo la cherehani. Kulikuwa na vumbi la nyuzi, mafuta ya rangi ya kahawia, lakini kutu haikuwepo. Mwisho akanitumia picha ya namba iliyogongwa kwenye chuma.

Hakuona udhia hata mara moja. Aliniambia, "Mwanangu, anayeuliza sana ndiye atakayeitunza." Muuzaji anayekataa video ya dakika moja ningemwacha papo hapo, hata kama picha zake zinang'aa namna gani.

Kisha tukazungumzia ufungaji, na hapa naomba usione haya kuonekana msumbufu. Watu huangalia uzito wa chuma wakadhani hakuna cha kuvunjika. Chuma cha kusubu hakipindi. Kikianguka kwenye pembe mbaya kinapasuka. Tulikubaliana atoe sindano, avue vijiti vya kuwekea uzi, afungue mkono wa kuzungushia maana ndio unaojitokeza nje na kupigwa kwanza, aweke kitambaa kilichokunjwa chini ya mguu kisha aushushe. Kichwa kilisafiri kimetenganishwa na msingi wake wa mbao, kimefungwa blanketi, ndani ya boksi lililo ndani ya boksi. Kasha la bobini, skrubu na vidude vingine vilikuwa kwenye mfuko uliofungwa kando. Ilifika bila mkwaruzo. Kwa kulinganisha, ile ya kwanza ilirudi kutoka karakana ikiwa kwenye boksi moja, na pedali imetupiwa humo humo kama nyundo.

Nilipoifungua, gurudumu lilikuwa zito. Sikulilazimisha. Niliweka mafuta ya taa kidogo kwenye maungio, nikayaacha usiku kucha, nikafuta, kisha nikaweka mafuta maalumu ya cherehani, yale mepesi yasiyo na rangi, tone moja kwa kila tundu. Siku ya pili ilizunguka kwa kidole. Mafuta ya kupikia usiyatie kabisa, yanaganda kama gundi, na inaelekea ndiyo yaliyoziua nyingi kati ya cherehani unazoambiwa "imekufa". Mafuta ya taa nayo yasiguse nakshi za dhahabu kwenye rangi, na usifanye kazi hiyo karibu na moto.

Baada ya hapo ikagoma kushona. Nilizungusha, nikazungusha, sindano inashuka na kupanda na hakuna mshono hata mmoja. Kwa jioni mbili nilikuwa na hofu kwamba nimerudia yaleyale. Nilimpigia mzee.

"Shikamoo, mzee. Cherehani haishoni."

"Marahaba. Ubapa wa sindano umeuelekeza wapi?"

"Nyuma, kama kawaida."

"Kawaida ya cherehani nyingine hiyo. Hii uuelekeze kushoto, na uzi uingie kutoka kulia kwenda kushoto."

Niligeuza, nikapitisha uzi, na mshono wa kwanza ukatoka umenyooka kama umechorwa. Sababu yake niliielewa baadaye: sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, ambamo uzi unalala wakati wa kushuka, na upande wa ubapa umechongwa kidogo juu ya tundu ili ndoano ipite na kuudaka uzi. Kwenye 15, ndoano inapita upande wa kushoto. Ukiigeuza sindano, ndoano haioni kitu. Kitabu cha maelekezo, ambacho nilikipata bure kwenye intaneti, kinaonyesha jambo hilo kwa mchoro. Kipakue na ukisome kabla mzigo haujafika.

Sasa kuhusu kushona kwenyewe. Nimeitumia mwaka na nusu. Kwa mshono ulionyooka sijapata kuona mfano wake. Inapita kwenye maungio ya jinzi bila kusita, na ninapoizungusha kwa mkono najua kila sindano inashukia wapi, jambo linalonipa utulivu kwenye kola na kwenye pembe za mifuko. Wenzo wa kurudi nyuma unafanya kazi. Imenidai sindano, mafuta na bobini basi. Mkono mmoja ukiwa kwenye gurudumu, ni mmoja tu unaobaki kuongoza kitambaa, na kwa shuka ndefu au pazia hilo linachosha bega. Ndiyo maana natafuta meza ya kukanyaga.

Kuna isichoweza, na usinunue bila kujua. Haishoni zigizagi. Tundu za vifungo nazishona kwa mkono. Vitambaa vinavyovutika, kama vya fulana, ni shida, kwa sababu mshono ulionyooka haunyumbuki na unakatika mtu akivaa. Kama kazi yako kubwa ni nguo za namna hiyo, tafuta cherehani ya chuma yenye zigizagi, lakini iwe ya bobini ya daraja la 15 na mguu mfupi, na umdai muuzaji video zilezile. Na kama ni ya umeme inayotoka nchi nyingine, soma kwanza kibao cha mota: iliyoandikwa volti 110 au 120 ukiichomeka kwenye 230 inaungua hapo hapo, labda uiwekee transfoma.

Pamoja na cherehani niliagiza, kwa mzigo uleule, sindano pakiti tano za ukubwa tofauti, bobini kumi, kasha moja la bobini la akiba, chupa mbili za mafuta na bisibisi mbili, moja ikiwa ndogo ya skrubu ya kasha. Kasha la akiba bado liko kwenye karatasi yake. Maboksi yote mawili na lile blanketi nimeyahifadhi juu ya kabati.