Mifuko ya kinga njaa Nyanda za Juu Kusini: inahifadhi vizuri, ila haikaushi mahindi

Kwa mkulima wa Ismani, Iringa, mifuko ya kinga njaa ni ya kununua. Wa Tukuyu, Mbeya, changishaneni kwanza mpate kipima unyevu, mifuko ifuate. Wa Kyela, mkoa huohuo, nunua pia, lakini amua mapema utaiweka wapi maji yakipanda. Mfuko ni uleule. Hali ya hewa ndiyo tofauti, na ndiyo inayoamua kama pesa yako imekwenda vizuri.

Kinachouzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa jina la kinga njaa ni mifuko mitatu iliyovishana. Wa nje ni sandarusi, kama kiroba cha kawaida. Ndani kuna miwili ya plastiki ngumu, kila mmoja unene wa mikroni 80. Ubunifu huu ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980, pale wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipokuwa wakitafuta njia ya kuhifadhi kunde nchini Kameruni. Jina lake la kimataifa ni PICS na kwetu hutengenezwa Tanga. Mshindani wake, AgroZ ya Arusha, una plastiki moja tu ya ndani yenye tabaka kadhaa. Kanuni haitofautiani: hewa haipiti. Wadudu waliofungiwa humo hutumia oksijeni iliyobaki, ikipungua wanaacha kula, kisha wanakufa. Kinachowaua hasa ni kiu. Mdudu wa ghalani hana mahali pa kunywa. Maji yake huyatengeneza mwilini kwa chakula na oksijeni, na ukimnyima kimoja anakauka.

Faida kubwa iko dhidi ya dumuzi, mdudu mharibifu wa mahindi ghalani, yule aliyegunduliwa nchini mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambaye sasa hana mkoa asioujua. Ukiona unga mweupe chini ya gunia, ni yeye. Ndani ya kinga njaa iliyofungwa sawasawa anakufa bila dawa yoyote, na mahindi unaweza kuyapeleka mashineni siku hiyohiyo unayofungua.

Hesabu ya mfuko ni hii. Ismani mvua ni msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na ikikatika Februari mahindi yakiwa yanabeba, hakuna msimu wa pili wa kufidia. Familia ya watu sita, kwa nusu kilo ya nafaka kwa mtu kwa siku, inakula kilo 3. Mfuko wa kilo 100 unakwisha ndani ya mwezi mmoja na siku chache. Kuvuka Novemba hadi Aprili kunahitaji mifuko sita. Bei hutofautiana duka hadi duka, lakini ukichukulia shilingi 5,000 kwa mfuko, ni 30,000, na mfuko unaotunzwa hufika misimu miwili au mitatu. Gunia la mahindi lina debe tano au sita. Mfuko ukiokoa debe moja tu lisigeuke unga wa dumuzi, umeshajilipa. Anayekwenda kununua mahindi Februari wakati kila mtu ananunua anajua thamani ya debe hilo.

Sasa kasoro, na hapa ndipo watu wanapoilaumu bidhaa bure. Mfuko hautoi unyevu nje. Unyevu ulioufungia ndani utaukuta ndani. Mahindi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13 hadi 13.5. Yakizidi hapo, wadudu watakufa kweli, lakini utafungua harufu ya pombe na ukungu, na penye ukungu sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu huo, haiko mbali. Ismani mwezi Julai upepo na jua vinakusaidia. Tukuyu, mahali panapopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ukungu wa asubuhi unaweza kukaa hadi saa nne, na mahindi uliyoyaanika jana yamevuta tena unyevu ukilala na turubai wazi. Anika tabaka jembamba, lisizidi unene wa vidole vitatu, geuza kila baada ya nusu saa au saa moja, funika kabla jua halijazama. Usianike chini kwenye udongo hata kama umefagiliwa.

Wengi hupima kwa meno: punje ikilia "ka!" imekauka. Jino linadanganya. Kipimo cha chumvi ni bora kidogo. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, weka mahindi hadi robo, tia kijiko kimoja au viwili vya chumvi iliyokauka kabisa (ianike kwanza), tikisa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi, ambayo bado haitoshi kwa kinga njaa. Ongeza siku moja ya jua kali, au mbili za jua la kuchechemea. Kipima unyevu cha betri kinamaliza ubishi wote huu. Kimoja kinatosha kikundi kizima, kwa sababu kila kaya inakihitaji kwa siku tatu au nne tu kwa mwaka.

Jambo jingine la nyanda za baridi halisemwi vya kutosha: usifunge mahindi yakiwa ya moto. Yakitoka juani saa kumi jioni na kufungwa hapohapo, usiku wa baridi kali wa Juni utageuza mvuke kuwa matone upande wa ndani wa plastiki, na punje za pembeni zitaanza kuoza hata kama wastani wa unyevu ulikuwa sahihi. Yapooze kivulini, chini ya paa, ndipo ujaze.

Kabla ya kujaza, toa plastiki zote mbili, jaza hewa kila moja, sokota mdomo, kumbatia na usogeze shavuni. Tundu dogo utalisikia likipuliza. Mfuko ulioghushiwa hujulikana hapa pia: plastiki yake ni laini kama ya sokoni, au iko moja pale panapopaswa kuwa na mbili. Jaza kidogokidogo huku ukitikisa ili punje zishuke kwenye pembe za chini, maana hewa hukaa huko. Acha shingo ya angalau sentimita 30. Kandamiza hewa itoke, sokota shingo ya plastiki ya ndani hadi iwe ngumu kama kamba, ikunje ielekee chini, funga kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Rudia kwa plastiki ya pili. Sandarusi ni ya mwisho. Katani na waya hukata plastiki, usivitumie. Hiyo shingo, kwa bahati nzuri, inafanya lumbesa, yaani gunia kujazwa kupita mdomo wake, isiwezekane, na labda ndiyo sababu baadhi ya walanguzi hawaipendi mifuko hii.

Usiweke mahindi ya kwenye magunzi, yatachoma plastiki. Mpunga una ncha zinazokwaruza, kwa hiyo ukaguzi wa matundu uwe mkali zaidi. Maharage yanakaa vizuri sana, fukusi hafurukuti.

Panya ndiye adui ambaye mfuko hauna jibu lake. Weka mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, na usiiegemeze kwenye miti yenye matundu ya dumuzi, maana ana meno ya kutoboa plastiki. Kyela, ambako Kiwira, Mbaka na Songwe hufurika ikifika Aprili na Mei, chaga ya kawaida haitoshi: tafuta alama ya maji ya mafuriko yaliyopita ukutani, jenga juu yake. Mfuko uliofungwa unaweza kuvumilia maji kwa muda mfupi, lakini usiutegemee.

Kwa kikundi kinachotunza akiba ya kijiji, mifuko inarahisisha kazi kuliko kihenge kimoja kikubwa, kwa kuwa kosa la mmoja halimwozeshei mwenzake. Kila mfuko uandikwe kwa kalamu ya wino mzito: namba, jina la mwenye mali, tarehe ya kufunga, kipimo cha unyevu. Yaleyale yaandikwe daftarini. Kanuni ya lazima: mfuko ukifunguliwa, unaliwa hadi uishe, hakuna kuchota bakuli na kufunga tena kila Jumamosi. Kila ukifungua unawapa wadudu oksijeni mpya. Anayehitaji kidogokidogo anunue ile ya kilo 50.

Wakati wa kuuza, mimina mahindi kwenye gunia la mnunuzi na urudi na mfuko wako. Futa kwa kitambaa kikavu, kausha kivulini, uning'inize. Jua la bati la paa huifanya plastiki iwe ya kukatika. Tundu moja dogo linazibika kwa selotepu pande zote mbili. Plastiki ikiwa na matundu matatu au manne, isibaki ndani hata kama bado inang'aa. Itumie kutandika chini ya magunia.