Nyota mbili, na zote ni za kijana wa mafuvu

Kama unampeleka mtoto kwenye jumba hili la sayansi kwa ajili ya ile baiskeli ya kuzalisha umeme, usijisumbue. Imeharibika. Na afadhali wangeiacha hivyo hivyo na kikaratasi cha "mbovu" juu yake, kwa sababu walichokifanya ni kibaya zaidi: sasa inawadanganya watoto.

Kwa ambao hawajaiona, ni fremu ya baiskeli iliyogeuzwa juu chini na kufungwa kwenye meza. Unazungusha pedali kwa mkono, gurudumu la nyuma linazunguka, dinamo iliyoegemea tairi inazunguka nalo, taa inawaka. Dinamo yenyewe ni ile ile ya baiskeli za wazee wetu, volti 6, wati 3. Fundi yeyote wa kijiweni anaweza kuiunda. Lakini kwa miaka mingi hiki ndicho kilikuwa kifaa bora kuliko vyote mle ndani, na ubora wake wote ulikuwa kwenye swichi moja ndogo pembeni.

Swichi ile ilikuwa inakata na kuunga taa. Mtoto anazungusha taa ikiwa imezimwa, pedali inakwenda vizuri. Mwenzake anawasha. Papo hapo pedali inakuwa nzito. Anasimama, anachungulia kama kuna mtu kashika gurudumu kwa nyuma, anazungusha tena, halafu zinaanza amri: "Zima. Washa. Zima tena." Hajasoma bango lolote, ila mkono wake umeshajua kwamba mwanga ule unatoka begani mwake. Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogea karibu na waya inazaa umeme. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuliandika hilo kwenye mtihani akapata alama zote, na bado asijue kwamba umeme ukishaanza kupita unaipinga ile sumaku iliyouzaa, na mzungushaji ndiye anayelipa. Darasani hilo ni mstari wa daftari. Pale lilikuwa uzito mkononi, na mtoto aliyeusikia uzito huo hausahau.

Siku hizi ukiingia utakuta fremu imepakwa rangi ya buluu inayong'aa, bango ni jipya, na mbele ya taa kuna kitufe chekundu. Ukibonyeza, taa inawaka. Ukizungusha pedali, hakuna kinachotokea. Nyuma ya kibao, chini ya meza, kuna betri.

Binti mmoja, kwa makadirio wa darasa la tano, alizungusha pedali kwa nguvu zake zote. Kimya. Akamwendea mhudumu: "Shikamoo. Mbona haiwaki?" Shikamoo yenyewe haikuitikiwa. "We mtoto, toa mkono hapo! Bonyeza kitufe!" Nikasema kwa upole, dada samahani, hii ilikuwa inawaka kwa kuzungusha, ndiyo maana ina pedali. Akanitazama juu mpaka chini. "Sasa si inawaka? Mnataka nini tena?" Akarudi kwenye simu yake.

Binti akabonyeza kitufe mara moja, akaondoka. Sekunde tatu! Pale pale ambapo watoto walikuwa wanagombania zamu.

Kinachoniuma zaidi ni sababu ya kuharibika. Dinamo ya aina hii ina waya mmoja tu unaokwenda kwenye taa. Waya wa kurudi hakuna. Umeme unarudi kupitia chuma cha fremu. Ndiyo maana kwenye kishikio chake kuna skrubu ndogo yenye ncha, kazi yake ni kutoboa rangi na kugusa chuma. Waliopaka rangi walivua kila kitu, wakapaka vizuri kabisa, mpaka pale panapokaa dinamo na pale panapokaa taa, kisha wakarudisha. Ile skrubu ya ncha haikukazwa, inaonekana kwa macho ikiwa imesimama juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme, kwa hiyo njia ya kurudi imekatika. Sikuifungua dinamo, lakini waya wake uko sawa na balbu ni nzima, maana kwa betri inawaka. Unakwangua rangi kwa msasa, eneo la ukubwa wa kucha, chini ya kishikio cha dinamo na chini ya taa, halafu unakaza skrubu mpaka ncha ing'ate. Kama hutaki tatizo lirudi, vuta waya wa pili kutoka mwili wa dinamo hadi mwili wa taa, usitegemee fremu tena. Ni kazi ya dakika 10. Badala yake mtu alikwenda kununua betri na kitufe, akatoboa meza, akachomelea waya, yaani alifanya kazi kubwa zaidi ili kukiua kifaa.

Nakubali kwamba vifaa vya kushikwa na watoto huharibika, na anayevitunza ana kazi ngumu. Kichwa cha dinamo kinachosuguana na tairi hulika kikawa laini kikaanza kuteleza, hasa mtu akimwaga oili ya mnyororo ikafika kwenye tairi. Balbu huungua moja baada ya nyingine: ukifunga taa mbili na moja ikikatika, ile iliyobaki inabebeshwa umeme wote, nayo inakwenda. Ukiweka LED moja kwa moja bila daiodi nne za kunyoosha umeme, inapepesa na haidumu, kwa sababu umeme wa dinamo unakwenda na kurudi. Na hata ikiwa nzima, dinamo moja ina kasoro yake: msuguano wa tairi peke yake ni mzito kiasi, kwa hiyo tofauti ya kuwasha na kuzima haiwi kubwa na mtoto mwenye haraka anaweza asiisikie. Anayetaka isikike hata kwa mtu mzima afungue mota ya feni ya rejeta ya gari, aiunganishe na ringi kwa mkanda, aweke balbu ya breki ya wati 21. Hapo utaona mikono inavyochoka. Yote haya ni matatizo ya fundi na yana majibu ya fundi. Exploratorium ya San Francisco, jumba la sayansi alilolifungua mwanafizikia Frank Oppenheimer mwaka 1969, iliweka karakana yake wazi mbele ya wageni, watu waone vifaa vikitengenezwa. Kuharibika siyo aibu, na mtoto angejifunza mengi kwa kumwangalia mtu akikwangua ile rangi.

Nilitaka kuishia hapo na nyota moja. Lakini haki ni haki, ghorofani kuna meza ya mafuvu.

Pale yupo kijana wa kujitolea. Hakuanza na jina la kisayansi wala na miaka. Alimpa mtoto fuvu mikononi, nakala ya lile alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. "Pitisha kidole hapa utosini, unasikia nini?" Kuna ukingo wa mfupa umesimama katikati. "Sasa weka vidole pembeni ya kichwa chako, juu kidogo ya sikio, halafu jifanye unatafuna." Watoto wote wakatafuna hewa, misuli ikaruka chini ya vidole. "Msuli wako unaishia hapo. Wa huyu ulipanda mpaka kwenye ukingo huu. Alikuwa anatafuna nini?" Mmoja akasema mifupa. Mwingine akaligeuza fuvu, akapitisha kidole kwenye magego, mapana na bapa, akasema haya si meno ya nyama. Kijana hakusema "sahihi". Aliuliza, "Umejuaje?" na akasubiri. Alisubiri kweli, mpaka mtoto akapata maneno.

Halafu akawageuzia bango la ukutani linalosema kiumbe huyu alikuwa akipasua karanga ngumu, akawaambia hayo ndiyo yaliyodhaniwa zamani. Kaboni iliyopimwa kwenye meno ya spishi hiyo imeonyesha kwamba chakula chake kikubwa kilikuwa nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Ndipo akataja umri, miaka kama milioni 1.75, na kwa wakati huo kila mtoto alikuwa anautaka. Dakika 20 kwenye meza moja, na hakuna aliyekuwa anavutwa mkono aondoke.

Kwa hiyo nikapandisha, nyota tatu, labda hata nne. Kisha wakati wa kutoka nikapita tena kwenye ile baiskeli, maana mlango ni ule ule, na bango jipya linasema kwa herufi kubwa "ZUNGUSHA UZALISHE UMEME". Hapo nyota ya tatu imetoka. Jumba lenye kijana anayewafundisha watoto kulihoji bango haliwezi kuweka bango la uongo mlangoni.

Ukienda, panda juu moja kwa moja, muulize yule kijana maswali mpaka achoke. Na nyinyi wenye jumba: msasa, bisibisi, waya mita moja. Betri itoeni, kitufe king'oeni, na mumwambie yule dada kwamba mtoto akikuamkia, unaitika.