NVDA na kitufe kimoja cha Kiswahili

Habari zenu watazamaji. Leo tunaichambua NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini, na tunabaki kwenye jambo moja tu: kuipa kitufe cha Kiswahili, ili ukitoka kwenye barua pepe ya Kiingereza kwenda kwenye gazeti la Kiswahili usianze kuhangaika na mipangilio.

Amri zake nyingi huanza na Insert. Kama laptopu yako haina, weka tiki kwenye CapsLock katika dirisha la ukaribisho. Ukitaka herufi kubwa kama kawaida, ibonyeze mara mbili haraka haraka.

Haya, Insert+Ctrl+P, dirisha la wasifu, yaani seti ya mipangilio yenye jina lake. Bonyeza New, andika jina "Kiswahili", acha chaguo la kuwasha kwa mkono, kisha OK. Wasifu umeshawaka, kwa hiyo sauti utakayoiweka sasa itakaa humo. Insert+Ctrl+S, chagua eSpeak NG, injini ya kutoa sauti. Imo ndani ya NVDA na haihitaji intaneti. Halafu Insert+Ctrl+V, kwenye Voice shuka mpaka Swahili. Sauti yenyewe, tuseme ukweli, ni ya roboti aliyefungiwa kwenye debe. Ila haichelewi, na ukiipandishia kasi maneno bado yanashikika.

Usifunge dirisha hilo bado. Tafuta "Automatic language switching", uondoe tiki, kisha OK. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kurasa nyingi za Kiswahili zimejengwa kwa violezo vya kigeni, na ndani ya msimbo zimeandikwa kuwa lugha ni Kiingereza. NVDA inaiamini lebo hiyo. Basi unasoma habari ya Muungano kwa Kiswahili, na mwaka 1964 unatamkwa kwa Kiingereza, maneno yote yanayouzunguka yamepinda. Watu wanailaumu sauti bure. Kosa ni la lebo.

Sasa kitufe. Insert+N, Preferences, Input gestures. Kwenye kisanduku cha kuchuja andika Kiswahili; wasifu wako utatokea chini ya kundi la wasifu. Simama juu yake, bonyeza Add, kisha piga vitufe unavyotaka. Itakuuliza kama ni kwa mpangilio mmoja wa kibodi au yote: chagua yote, halafu OK.

Vitufe gani? Kabla ya kufungua dirisha hilo, bonyeza Insert+1 uingie kwenye msaada wa vitufe, ujaribu mchanganyiko wako. Ikitaja kazi, umeshachukuliwa. Insert+1 tena kutoka. Insert+Shift+S usiiguse: kwenye mpangilio wa kompyuta ya mezani inailaza NVDA katika programu uliyomo, utadhani imekufa. Ctrl+Alt na herufi nayo ni mtego, maana kwenye kibodi zenye AltGr (Alt ya kulia ya kuandikia herufi za ziada), Windows huihesabu kuwa ndiyo AltGr, na herufi kama é unaweza kuikosa. Sisi tumeweka Insert+Alt+K. Piga mara moja, Kiswahili. Piga tena, unarudi kwenye sauti yako ya kawaida, na NVDA inakutangazia.

Kusoma mfululizo ni Insert na mshale wa chini, au Insert+A kwenye mpangilio wa laptopu. Ctrl peke yake inanyamazisha. Shift inasimamisha, ukiibonyeza tena inaendelea.

Na kama unaona vizuri, unataka tu kusikiliza makala huku unapika? Hapo NVDA ni mzigo. Fungua ukurasa kwenye kivinjari cha Edge, bonyeza Ctrl+Shift+U, kisha kwenye chaguo za sauti mchague Rafiki au Zuri wa Kenya, Daudi au Rehema wa Tanzania. Ni sauti tamu mno kuliko eSpeak, lakini zinategemea intaneti: bando likikata, nazo zinakata. Na zinasoma ukurasa tu. Menyu na madirisha ya Windows hazikusomei. Ukiziwasha NVDA ikiwa hewani, utasikia watu wawili wakiongea kwa pamoja. Bonyeza Ctrl, NVDA itanyamaza, Rehema aendelee.