Lenzi ya 50mm au ya kuvuta kwa mpiga picha wa Bagamoyo?

Wenye kamera za Canon za DSLR (zenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha) hapa Bagamoyo huulizana ni lenzi ipi inayostahili akiba yao: EF 50mm f/1.8 STM isiyovuta, yenye upana mmoja tu wa picha, au EF 24-70mm f/2.8L II ya kuvuta (zoom), inayobadilisha upana huo. Kwa bei, ya kwanza inashinda kwa mbali, na uzito wake ni gramu 160 dhidi ya 805. Ukumbini usiku, f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi huwa pana zaidi), ingawa kwa 50mm kumpata bibi harusi pamoja na wapambe wake wote hukulazimu kurudi nyuma hadi ukutani. Hapo ya kuvuta haina mpinzani.

Ninalolipa uzito zaidi ni utunzaji, kwa kuwa hewa ya chumvi haina huruma. Ya 24-70mm, ikiwekewa kichujio mbele, imezibwa dhidi ya vumbi na unyevu, lakini zote mbili huota kuvu, nyuzi nyeupe zinazotambaa ndani ya kioo, zikifungiwa kwenye begi lenye unyevu. Ni lazima zihifadhiwe katika kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vipakiti vya silika, chembe zinazofyonza unyevu. Anayeishi kwa kazi za harusi ana sababu ya kununua ya kuvuta, ilhali anayepiga picha za watu kwenye magofu ya Kaole, na mtaji wake bado mdogo, atatosheka na 50mm kwa miaka mingi.